Posa ya Bi Mgeni

Mtemani, Wete, Pemba.
Mfunguo Pili, 1960.

Dada yangu mpenzi Bi Mwatima,

Assalaam alaikum warahmatullah. Kabla ya neno lolote nakuamkia, dada, shikamoo, na namuomba Mola waraka huu ukukute u mzima, wewe na mama mdogo Mwanakhamis na wote waliomo humo nyumbani. Goti la mama mdogo linaendeleaje? Shangazi yetu Bi Tatu anasema alikande kwa mafuta ya mbarika na aache kusikiliza ushauri wa majirani. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Masika ya mwaka huu yamekuja kwa vishindo, njia ya Konde imekuwa uji mtupu, na siku hizi abiria ndio wanaoibeba gari, si gari inayowabeba abiria. Bi Tatu bado anagombana na kuku wa jirani. Ameitazama picha yako uliyotuletea kwa posta na amesema umekonda, na kwamba bila shaka Tanga hakuna samaki. Nikamwambia Tanga ina bahari kama sisi. Akasema bahari ni kitu kimoja na samaki ni kitu chengine.

Dada, waraka huu ni mrefu. Nakuomba uusome mwenyewe, umekaa, na usiukatize katikati ukaanza kunitukana, kwa sababu mimi siko hapo na matusi yatawapata wasiohusika. Kilabu yetu imealikwa Unguja kucheza Idi Kubwa. Wenzangu hawalali kwa furaha. Kila mmoja ameshashona nguo mpya, na nyingi nimezishona mimi. Lakini nimewaambia sipandi meli mpaka nipate radhi zako. Wakaniuliza radhi za dada za nini, na hali shangazi amekwisha kuridhia? Nikaendelea kushona. Wewe utaelewa huko mbele. Jua tu kuwa jibu lako ndilo litakaloamua kama nitaendelea na kazi hii ama nitairudia cherehani yangu na kuimba niwe naimbia vifungo.

Nilikuandikia zamani kwamba nimejiunga na kilabu ya muziki, nawe ukadhani napiga dumbaki. Nasikia hata huko Tanga wapo Wapemba wanaohadithiana habari za Bi Mgeni wa Wete. Kama jina hilo limekufikia, basi tulia: Bi Mgeni ni mimi.

Mambo yalikuwa hivi. Kilabu yetu haipigi nyimbo tupu. Tunacheza michezo, na kila kisa kinakwenda kwa nyimbo tangu mwanzo hata mwisho. Sasa, nani atampa binti yake asimame mbele ya wanaume akaimba? Kwa hiyo wanawake wa mchezoni ni wanaume. Aliyekuwa akiwaigiza kabla yangu alioa, na mkewe akamwambia nyumba haina nafasi ya mabuibui mawili, achague moja. Akachagua la mkewe, na akili anayo. Kilabu ikabaki haina mwanamke. Mimi siku hiyo nilikwenda kupima nguo tu. Nikalivaa gauni kutazama upindo wake, nikatembea kidogo huku na huku, nikamwambia Jaribu aondoe miguu yake njiani. Jaribu unamjua, yule mpiga fidla aliyewahi kutumbukia katika pipa letu la maji. Basi fidla ilimganda mkononi. Akanitazama, akaniambia, "Samahani, bibi." Hakuwa akifanya mzaha. Tangu siku hiyo ndiyo kazi yangu.

Na nikuambie bila ya haya, dada, kazi naiweza. Bi Mgeni ni mama muuza vitumbua. Mrefu, mkavu wa macho, mwepesi wa ulimi. Anatembea kama mtu aliyechelewa lakini asiyekubali kukimbia. Wachumba wanakuja kwa majivuno, mmoja ana shamba, mmoja ana baiskeli, mmoja ana nasaba mpaka Hadhramaut, naye anawasikiliza wote huku akigeuza vitumbua vyake, kisha anacheka. Kicheko hicho ndicho mchezo wenyewe. Anaanza polepole, kifuani, halafu anakirusha kichwa nyuma na kukiacha kitoke kitakavyo. Watu wa Chake walipokisikia mara ya kwanza walipiga kelele kirejewe, kama wanavyotaka wimbo urejewe, nikacheka mara ya pili mpaka utepe wa kiunoni ukakatika.

Nyimbo zote natunga mimi. Natunga nikiwa juu ya cherehani, maana mguu ukishika mwendo, mizani inakuja yenyewe. Huu hapa ndio uliopendwa kuliko yote, Bi Mgeni anamwimbia mwenye baiskeli:

Nicheke ama nilie, wewe yakuhusu nini?
Kinywa nimepewa mie, hukukipata dukani.
Usitake nitulie, kama jiwe la njiani,
Asopenda apitie, ng'ambo ile ya jirani.

Msimu uliopita nilipita Wingwi, nikawakuta wanawake wanachambua karafuu na wanauimba huo, na kila wakifika "ng'ambo ile ya jirani" wanamrushia makonyo, vile vijiti vya karafuu, mwanamume yeyote anayepita. Nikapita mimi. Nikarushiwa makonyo kwa wimbo wangu mwenyewe, na nikaondoka nimefurahi kama niliyetunukiwa nishani. Tena si hilo tu. Unajua mambo ya vyama yalivyo siku hizi, watu hata kahawa wanaangalia inauzwa na nani. Lakini akija Bi Mgeni wanakaa mkeka mmoja, na kicheko hakiulizi kadi.

Kilabu ina utaratibu wake mmoja, na huo ndio uliozaa haya ninayokuandikia. Mchezo ukimalizika, mimi sijivui nguo mbele ya watu. Najifunika buibui, natoka kwa nyuma, nasindikizwa na mwenyekiti mpaka garini kama mke wa mtu. Tunasema mtazamaji akirudi kwake na Bi Mgeni moyoni, si uungwana kumtolea ndevu mlangoni. Wengi wanajua, hasa hapa Wete. Lakini wapo wa mashamba wasiojua, nasi hatuwaharibii.

Basi Idi Ndogo tulikwenda kucheza Konde, alasiri, uwanja umejaa mpaka watu wamepanda juu ya gari. Alikuwepo bwana mmoja wa Wingwi anayeitwa Soud bin Mmanga. Ni mkulima, ana mikarafuu yake na ng'ombe, na fahali wake ndiye anayesifiwa sana huko kaskazini kwenye michezo ya ng'ombe. Umri wake wa makamo, kama wa mume wa binamu yetu Time. Mkewe alifariki miaka mingi, akamwachia binti ambaye sasa kaolewa Micheweni. Yeye mwenyewe hakuwa akitoka sana, lakini siku ile jirani zake walimvuta. Akakaa mbele kabisa. Nilimwona, kwa sababu kila mtu alikuwa akicheka, naye hacheki, ananitazama tu kama anayesikiliza habari za mtu wake aliyepotea. Mchezo ulipokwisha akaniona naingia garini na buibui langu, akamwendea Jaribu, akamuuliza kwa adabu, yule bibi kwao ni wapi. Na Jaribu, Mungu amsamehe, akamwambia kwao Wete, Mtemani, kwa Bi Tatu binti Hamad, na kwamba ana adabu sana na hajaolewa.

Yote mawili kweli, lakini!

Haikupita siku nyingi, mvua inamwagika, nimo chumbani napiga upindo wa kanzu, nikasikia hodi. Ni mzee mmoja amerowa chapa, jina lake Mzee Kificho, mkononi ana kifurushi cha tambuu na udi, kimefungwa katika kitambaa cha hariri na kuwekwa ndani ya kofia kisirowe. Bi Tatu akamkaribisha. Wakaulizana hali mpaka wakawamaliza wazima na wafu. Hapo mzee akasema ametumwa na Bwana Soud bin Mmanga kuja kutaka nke. Bi Tatu akastaajabu, akamuuliza, "Nke yupi tena? Humu mna mie na paka." Mzee akajibu kwa upole kwamba anayekusudiwa ni Bi Mgeni, na kwamba bwana anajua kazi yake na haoni aibu nayo, na akitaka kuendelea kuimba hatamkataza.

Dada, nilijichoma sindano. Nilikibana kinywa kwa ile kanzu ya mtu, na mpaka leo ina alama ya meno.

Lakini shangazi yako ni mtu mzima. Hakucheka hata kidogo. Alimwambia posa haijibiwi hapo hapo, wampe nafasi ashauriane na wenyewe. Akampikia chai, akampa mwavuli wangu, ambao sijauona tena. Mlango ulipofungwa ndipo alipokaa chini pale pale ukumbini, akacheka mpaka ushungi ukamvuka. Nami nikacheka. Kila tulipotaka kunyamaza alisema "mie na paka", tukaanza upya. Kisha ghafla akanyamaza, akanishika mkono, akaniambia nimfikirie yule mtu. Kaja na heshima zake zote. Habari hii ikitoka nje, hatakanyaga tena baraza yoyote kutoka Konde mpaka Mkoani, na wa kwanza kumtungia wimbo tutakuwa sisi wenyewe wa kilabu. Akasema ntu aliyekuja kwa stara arudi kwa stara.

Nikaenda moja kwa moja kwa Jaribu nikamwapisha. Aliapa. Aliniambia hii itakuwa siri yake ya kwanza tangu kuzaliwa, na kwamba tayari inamuuma tumboni. Mpaka leo kaitunza, na amekonda.

Siku ya tatu asubuhi nikapanda gari ya Konde, na kutoka hapo nikaenda kwa miguu mpaka Wingwi, nimevaa kanzu na kofia, na sharubu nimeziacha tangu juzi makusudi. Nilimkuta Bwana Soud zizini anamkanda fahali wake bega. Akanikaribisha dafu. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima, na yote yakanikimbia. Nikamwambia nimetoka kwa Bi Tatu. Akasimama wima, akajifuta mikono, akaniita shemeji. Dada, neno lile lilinikata ini. Nikaona kusema siwezi, labda nitaimba. Nikafumba macho nikaanza, "Nicheke ama nilie, wewe yakuhusu nini," kwa sauti ile ile.

Nilipofumbua macho ananitazama, na fahali naye ananitazama. Nikaona leo nitapigwa. Kwanza aliuinamisha uso. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Akacheka mpaka akamkumbatia fahali shingo asianguke. Alipopata pumzi akasema tangu kuzaliwa kwake hajaona mtu anayepeleka posa kwa fundi cherehani, na kwamba lau marehemu mkewe angelikuwepo angelicheka kuliko yeye. Nikamwomba radhi. Akasema hakuna radhi ya kuombwa, kosa ni la macho yake.

Tukanywa madafu yetu. Nikasimama kuaga. Hapo akanishika mkono wa kanzu, akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, wala Jaribu, wala mwenyekiti, wala wale wanaonishangilia. Akaniuliza, yule mwanamke nimempata wapi. Nikamwambia nimemtunga. Akatikisa kichwa. Akasema fundi hushona nguo, halimi pamba. Wimbo hutungwa, lakini ntu wa namna ile hatungwi. Akasema yupo mahali, na kwamba ninayemjua ni mimi.

Sasa dada, hapa ndipo nilipokuwa nikiogopa kufika tangu mwanzo wa waraka.

Nilimwambia kweli. Nilimwambia ni dada yangu Mwatima.

Ni wewe, dada. Mwendo ni wako, ule wa kuchelewa bila ya kukimbia. Mkono kiunoni ni wako. Namna ya kukigeuza kitumbua huku unamtazama mtu usoni ni yako. Maneno ya wimbo ni yako pia, uliyomwambia mkweo uani petu siku ile alipokuja kukusuta, mimi nimeyatia mizani tu. Na kicheko ni chako. Kile kile walichokufanyia kesi, wakasema mwanamke gani anayecheka akasikika mpaka msikitini, mpaka mume akakuandikia talaka na wewe ukafunga kifurushi chako ukaenda Tanga.

Sikukuigiza kwa kukudhihaki, wallahi. Ulipoondoka nyumba hii ilikufa. Bi Tatu alikuwa akipika halafu hali. Siku moja, kwa uchungu tu, niko peke yangu jikoni, nikakijaribu kicheko chako nione kama bado nakikumbuka. Nikasikia kawa imeanguka uani, na shangazi anakuja mbio huku akiita, "Mwatima! Mwatima umerudi!" Aliponikuta mimi alilia sana, nami nikalia. Kisha akajifuta macho akaniambia, "Hebu fanya tena." Siku ile alikula. Hivyo ndivyo alivyozaliwa Bi Mgeni, dada, kabla ya kilabu, kabla ya gauni, kabla ya Jaribu na fidla yake.

Mwaka juzi nilipokuja Tanga nikakaa nanyi, sikukusikia ukicheka hata mara moja. Nilipokuhadithia kisa cha Jaribu na pipa ulitabasamu, ukaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Nilirudi na hilo moyoni na sikumwambia mtu. Huenda ukaona wale waliokusema walikusema hapa mtaani tu, mimi nimekutembeza Pemba nzima. Una haki. Ukiniambia niache, nitaacha leo, na Unguja watakwenda bila ya Bi Mgeni. Lakini ujue kwamba watu hawaji kumcheka yule mama. Wanakuja kumsikia yeye akicheka, na wake za watu wanarudi majumbani kwao wanakijaribu kicheko hicho njiani.

Bwana Soud aliyasikiliza haya yote mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu, kama una mume. Nikamwambia eda yako ilikwisha miaka sita nyuma na mlango wako hujaufungua kwa mtu. Akasema katika nyumba yake tangu mkewe afariki hata paka anatembea kwa ncha za vidole. Wiki iliyofuata Mzee Kificho alikuja tena Mtemani, jua linawaka safari hii, na kifurushi kile kile. Bi Tatu akataka kutoa neno. Mzee akamzuia kwa heshima. Akasema mwanamwali akinyamaza amekubali, lakini mwanamke mkuu hujisemea mwenyewe, na Bwana Soud kaagiza hivi: hataki jibu la waraka, wala la shangazi, wala la ndugu aliyevaa buibui. Hata kama ni la kumkataa, anaomba alisikie kwa kinywa cha mwenyewe, kwa sababu sauti ya kuazima amekwisha kuisikia.

Kwa hiyo, dada, una maamuzi mawili mkononi, moja langu na moja lake, na hayategemeani. Unaweza kunipa radhi mimi ukamnyima yeye. Unaweza kumkubali yeye ukanichapa mimi kwa mwiko. Mimi nakuomba kitu kimoja tu, panda meli uje kabla ya Idi. Siku hizi nikicheka pale jukwaani, watu wanapiga makofi, lakini mimi nasikia kina kasoro, kimeanza kufanana na changu. Kama utakataa yote mawili, Bi Mgeni na Soud, basi uje ukatalie hapa, kwa sauti, mpaka msikitini wasikie.

Bi Tatu anakusalimu mno, na anasema ukija usilete samaki wa Tanga. Jaribu anakusalimu, naye hajui kwa nini nacheka nikiandika jina lake. Nisalimie mama mdogo Mwanakhamis umwambie asilikunje goti, na jirani zenu wote mmoja mmoja kwa majina yao. Wengine wote hapa ni wazima na wanakuulizia. Mola akulinde njiani, na bahari ikulainikie.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Hija bin Shaame
Fundi cherehani, na mengineyo.